Namna ya Kuandaa Kambi ya Likizo ya Watoto Wenye Ulemavu na Wasio na Ulemavu Jijini Nairobi

Shule zinapokaribia kufungwa, magrupu ya WhatsApp ya mitaa ya Nairobi hujaa matangazo ya kambi za likizo: kuogelea, soka, upishi, kompyuta, sanaa. Mengi siku hizi huongeza mstari mmoja chini kabisa unaosema kwamba watoto wenye ulemavu wanakaribishwa. Mzazi wa mtoto anayetumia kiti cha magurudumu akipiga simu kuuliza choo kikoje, aghalabu huambiwa kwamba wataangalia kisha wampigie, na hapo ndipo mazungumzo huishia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu, viongozi wa makanisa na misikiti, vikundi vya vijana na wazazi wanaotaka mstari ule uwe wa kweli. Kambi jumuishi huamuliwa mapema, katika uchaguzi wa uwanja, katika bajeti na katika kanuni za michezo yenyewe. Siku ya kufungua ikifika hayo yakiwa hayajafanywa, ukarimu wa waelekezi hauwezi kuziba pengo hilo.

Kuhusu sheria hakuna utata. Ibara ya 54 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, ya kufika mahali pote kadiri inavyowezekana, na ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unataja katika kifungu cha 30 kwamba watoto wenye ulemavu washiriki michezo, burudani na mapumziko sawasawa na watoto wengine. Mzazi anayekuletea mtoto wake anadai haki, na ni vyema timu nzima, kuanzia mratibu hadi askari wa getini, ilielewe hilo kabla mtoto hajashuka kwenye gari.

Likizo ipi, siku ngapi, watoto wangapi

Kambi tunazosoma habari zake kutoka Marekani na Ulaya hufanyika katika kiangazi chao, kati ya Juni na Agosti. Sisi hatuna kipindi kama hicho. Julai na Agosti ni miezi ya baridi Nairobi, asubuhi huwa na mawingu na manyunyu, na mtoto mwenye selimundu anaweza kushikwa na maumivu makali kwa sababu ya baridi tu, huku misuli ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo ikikakamaa kuliko kawaida. Aprili nayo ni katikati ya mvua za masika, na kiti cha magurudumu kikizama katika udongo mweusi wa Embakasi au Lang'ata, watu wawili wenye nguvu watatoka jasho kukinasua. Kwa maoni yangu, Agosti inafaa ikiwa mna ukumbi mkubwa wa kujisitiri na maji ya moto ya kutosha, na wiki ya kwanza ya Desemba, mvua za vuli zinapoanza kupungua na kabla familia hazijaondoka kwenda mashambani kwa Krismasi, inafaa kwa kambi ya nje.

Mara ya kwanza andaa kambi ya kutwa ya siku 5, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, bila malazi. Usiku una kazi zake: dawa za saa nane, mtoto anayehitaji kugeuzwa kitandani kila baada ya saa chache, mwingine ambaye hajawahi kulala mbali na mama yake hata siku moja. Jifunzeni mchana kwanza.

Kuhusu idadi, watoto 40 wanatosha, na 10 au 12 kati yao wawe na ulemavu wa aina mbalimbali. Mtoto mmoja peke yake kati ya 40 hugeuka kuwa mgeni anayetazamwa na kila mtu, akipendwa kupita kiasi siku ya kwanza na kusahauliwa siku ya tatu. Wakiwa zaidi ya nusu, kambi hupewa jina la kambi ya walemavu mtaani, na wazazi wengine huacha kuwaleta watoto wao. Hiyo si kanuni ya sayansi, ila ni mizani inayowezesha kila kikundi kidogo cha watoto 8 kuwa na wawili wenye ulemavu.

Kukagua uwanja

Nairobi haikosi mahali. Rowallan, kambi ya maskauti iliyo karibu na Kibra, imepokea vijana kwa vizazi kadhaa. Arboretamu ina miti na nyasi karibu kabisa na katikati ya jiji. Msitu wa Karura una njia pana za murramu, ingawa njia inayoteremka kwenye maporomoko haifai kwa kiti cha magurudumu. Katika Nairobi Safari Walk, kwenye lango la Mbuga ya Taifa ya Nairobi, wageni hupita juu ya njia ya mbao iliyoinuliwa, kwa hiyo mtoto aliye kwenye kiti huwatazama wanyama akiwa na wenzake bila kusukumwa juu ya mawe. Pamoja na uzuri wa sehemu hizo, shule ya msingi ya kawaida yenye madarasa ya chini, uwanja wa nyasi na ukuta mara nyingi hushinda zote kwa bei na kwa usalama, nayo hukaa tupu wakati wote wa likizo.

Nenda ukague ukiwa na futi ya kupimia, na uandamane na mtu mzima anayetumia kiti cha magurudumu, kwa sababu yeye ataona kwa dakika 10 yale ambayo wewe utayapita kwa saa nzima. Mlango uwe na upana wa sentimita 80 au zaidi. Ndani ya choo na chumba cha kulia pawe na nafasi ya sentimita 150 kwa 150 ili kiti kigeuke. Kila sentimita 1 ya kimo cha kizingiti huhitaji sentimita 12 za urefu wa mteremko; maana yake kidato cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa sentimita 180, ambao seremala wa mtaani anaweza kuuunganisha kwa mbao kwa siku moja. Mwambie ainue kingo za pembeni ili gurudumu lisichomoke, na asiupake rangi inayoteleza.

Choo ndicho mtihani mkubwa, na ndicho kinachowafanya wazazi wengi wabaki na watoto wao nyumbani. Mtoto asiyeweza kuchuchumaa hawezi kutumia choo cha shimo, hata kikiwa safi namna gani. Suluhisho la bei nafuu ni kiti imara cha plastiki chenye mikono, kinachokatwa tundu katikati, kikalainishwa kingo kwa msasa na kuwekwa juu ya shimo. Kando yake panagongomelewa ubao au bomba la kushikilia. Aidha mnahitaji chumba cha faragha chenye kitanda au meza pana, pazia, maji, sabuni, glavu na pipa lenye kifuniko, kwa ajili ya watoto wakubwa wanaovaa daipa na kwa mtoto anayetumia mpira wa mkojo. Mtoto wa miaka 12 hapaswi kubadilishwa nyuma ya gari. Uliza pia siku za mgao wa maji katika eneo hilo na ujaze matangi mapema.

Mambo mawili yaliyosalia ni mepesi lakini husahaulika: uzio usio na mwanya, kwa kuwa wapo watoto wenye usonji ambao huondoka mbio bila kuaga, na chumba kimoja kitulivu chenye mkeka na mwanga hafifu ambako mtoto yeyote aliyelemewa na kelele anaweza kwenda kupumzika bila kuonekana kama anaadhibiwa.

Fomu ya usajili na simu inayoifuata

Fomu nyingi huuliza, "Je, mtoto ana ulemavu? Utaje." Jibu lake huwa neno moja la hospitali ambalo halimsaidii mwelekezi chochote, na wazazi wengine huliacha wazi kwa kuhofia kwamba mtoto atakataliwa. Uliza kuhusu shughuli. Sensa ya mwaka 2019 ilitumia njia hiyo: iliuliza kuhusu ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kuzingatia, kujihudumia na kuwasiliana. Maswali kama hayo huulizwa wazazi wote bila kubagua, na mara nyingi yatakufichulia mtoto asiyesikia vizuri sikio moja, au anayekojoa kitandani, ambaye mzazi wake hakufikiria kamwe kwamba ni jambo la kuandikwa.

Baada ya fomu, piga simu. Tenga nusu saa kwa kila familia yenye mtoto anayehitaji msaada, na umsikilize zaidi mtu anayekaa naye mchana, ambaye huenda akawa nyanya au dada wa kazi. Swali lenye faida kubwa kuliko yote ni hili: mtoto hukuonyesha vipi kwamba ana njaa, ana kiu, anataka choo, anaumwa, au amechoka na watu? Mtoto asiyezungumza huwa na lugha yake, pengine kupiga kidevu mara mbili, pengine kuvuta nguo ya aliye karibu, na mama yake anaijua yote. Andika majibu kwenye kadi moja ndogo atakayoibeba mwelekezi wa kikundi mfukoni. Uliza pia ni kitu gani kinachomtisha na kinachomtuliza, na ni mchezo gani anaoupenda akiwa na ndugu zake nyumbani, maana huo mchezo ndio utakaomwingiza kambini.

Usidai ripoti ya daktari kutoka kwa kila mtu, isipokuwa pale ambapo usalama unahitaji, kama dawa, mzio au kifafa. Familia ambayo bado haijapata uchunguzi wowote unaweza kuielekeza kwenye Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, huko Kasarani, ambako watoto hupimwa na wazazi hushauriwa, lakini mtoto asisubiri karatasi hizo ndipo apokewe.

Waelekezi na uandamani

Kwa watoto kwa jumla, mtu mzima mmoja anaweza kuwaongoza watoto 5 au 6. Mtoto anayelishwa, anayebebwa au anayeondoka mbio ahesabiwe msaidizi wake mwenyewe, lakini msaidizi huyo apewe maelekezo yasiyo ya kawaida: ajitahidi kutoonekana. Msaidizi anayekaa katikati ya mtoto na wenzake saa zote huwa ukuta. Akae nyuma kidogo, aingie wakati wa choo, chakula na hatari, na mambo mengine yote ayaache kwa watoto wenyewe.

Wazo la kuwaunganisha watoto wawili wawili lina historia ndefu. Mwaka 1962 Eunice Kennedy Shriver, dada yake Rais John F. Kennedy, aliufungua uwanja wa nyumba yake huko Maryland, Marekani, kwa watoto wenye ulemavu wa akili, akawaweka vijana wa sekondari na vyuo kuwa waandamani wao. Kutokana na juhudi hizo yalizaliwa mashindano ya Special Olympics, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1968. Shirika hilo lipo Kenya pia, na utaratibu wake wa kuchanganya wachezaji wenye ulemavu wa akili na wasio nao katika timu moja unafaa kuigwa. Katika kambi ya watoto wadogo, hata hivyo, badilisha majozi kila siku na usimteue mtoto yeyote kuwa "mtunzaji". Ukimwambia msichana wa miaka 9 amtunze mwenzake, atakuwa yaya mdogo. Ukiwapa wote wawili kazi moja, mathalani kugawa vikombe vya uji kwa meza nne, watalazimika kupatana nani ashike sinia na nani ahesabu.

Tenga siku 2 za mafunzo. Siku moja iwe ya huduma ya kwanza, ambayo Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya na St John Ambulance hufundisha kwa vikundi. Ya pili iwe ya vitendo: namna ya kusukuma kiti kushuka mteremko, ambapo kwenye mteremko mkali kiti hushuka kinyumenyume, namna ya kumwongoza mtoto asiyeona, ambaye hushika kiwiko chako badala ya wewe kumburuta mkono, namna ya kumtazama usoni mtoto kiziwi wakati mkalimani anatafsiri. Ukimwajiri mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya kwa siku nzima, ajiri wawili, kwa kuwa hupokezana kila baada ya dakika 20 au 30. Mmoja peke yake atachoka kabla ya chakula cha mchana na tafsiri itaanza kuruka maneno. Aidha hakikisha angalau mwelekezi mmoja ni mtu mwenye ulemavu. Watoto watauliza maswali mbele yake ambayo hawatayauliza mbele yako.

Michezo

Hapa ndipo kambi nyingi huanguka, kwa kuandaa mchezo mmoja wa watoto "wa kawaida" na kona moja ya rangi na karatasi kwa wale wengine. Anza na michezo ambayo watoto wa Nairobi wanaijua tayari, kisha ichunguze kanuni moja moja.

Tuchukue kati. Wachezaji wawili husimama pande mbili wakirushiana mpira kuwalenga walio katikati, na anayepigwa hutoka. Kanuni inayowatenga watoto ni hiyo ya kutoka, kwa sababu mwenye mwendo wa polepole hupigwa kwanza na kukaa kando kwa muda mrefu kuliko wote. Ibadilishe: anayepigwa huenda kuwa mrushaji, na mrushaji huingia katikati, kwa hiyo hakuna anayekaa. Tumia mpira mkubwa na mwororo uliovishwa kitambaa na kushonewa njuga ndogo ndani yake. Mrushaji apige kofi mara moja kabla ya kurusha, na walio katikati wanyamaze kabisa, ili mtoto asiyeona asikie mpira unatoka upande gani. Utashangaa jinsi ukimya huo unavyoufanya mchezo uwe na msisimko zaidi kwa wote. Watoto wacheze wawili wawili wakishika ncha mbili za leso, na akipigwa mmoja wamepigwa wote, hivyo mwenye mbio analazimika kuwaza kwa ajili ya watu wawili. Aliye kwenye kiti cha magurudumu acheze kwenye sehemu ya saruji au nyasi fupi, na mpira ukigonga gurudumu uhesabiwe umempiga, kwani wakimhurumia atajua mara moja kwamba hachezi kweli. (Zamani mpira wa makaratasi ya nailoni ulisikika wenyewe ukija, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2017, na sasa inabidi tushone njuga.)

Ukishaielewa njia hiyo kwa mchezo mmoja, itumie kwa mingine. Katika brikicho, anayetafuta atumie kurunzi na waliojificha wajibu kwa kugonga, au waelekezi wapunguze eneo la kujifichia. Katika soka, filimbi iandamane na bendera nyekundu inayopeperushwa ili mchezaji kiziwi aone mchezo umesimama. Voliboli ya kukaa chini huwaweka wote kwenye kimo kimoja, na haihitaji kingine ila wavu ulioshushwa na uwanja usio na mawe. Blada, mchezo wa kuruka kamba ya mpira, niliwahi kuuona mgumu kurekebishwa hadi watoto wenyewe walipoamua kwamba aliye kwenye kiti ndiye anayepanga mtindo wa kuruka na kuamua nani amekosea. Alikuwa mwamuzi mkali kuliko wote.

Upishi una faida kubwa kuliko unavyodhaniwa. Chapati humpa kila mtoto kazi halisi: kupima unga, kukanda, kukata madonge, kusukuma, kupaka mafuta. Weka kitambaa chenye unyevu chini ya bakuli ili lisiteleze kwa mtoto anayetumia mkono mmoja, na umwachie mtoto asiyeona kukanda, kwa kuwa donge lililokandwa vizuri hujulikana kwa vidole. Kazi ya motoni ibaki kwa watu wazima, kwa watoto wote.

Kila asubuhi fundisha ishara 5 za Lugha ya Ishara ya Kenya zitakazotumika siku hiyo hiyo: maji, choo, subiri, rafiki, tena. Mfundishaji awe kiziwi au mkalimani. Usizichukue ishara kutoka kwenye video za Marekani, kwa sababu lugha yetu ina msamiati wake, na mtoto kiziwi atajikuta anafundishwa lugha ya kigeni katika kambi ya nyumbani. Ratiba ya siku ichorwe kwa picha kubwa ukutani, na mtoto mmoja aiondoe picha kila shughuli inapokwisha; mtoto mwenye usonji anayejua kinachofuata hupunguza wasiwasi, na wadogo wasiojua kusoma hufaidika pia.

Afya na chakula

Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari na karibu na ikweta, kwa hiyo jua huchoma hata siku ya mawingu na baridi. Mtoto mwenye ualbino apakwe mafuta ya kukinga jua kila baada ya saa 2, avae kofia pana na mikono mirefu, na shughuli za nje zifanyike kabla ya saa tano. Akae mbele, karibu na anayeonyesha jambo, kwani wengi wao huona kwa shida.

Mtoto mwenye mgongo wazi ana uwezekano mkubwa wa kuwa na mzio wa mpira wa aina ya lateksi. Ondoa maputo yote kambini, na glavu ziwe za aina nyingine. Asiyehisi miguu ainuliwe kidogo kwenye kiti chake kila nusu saa ili asipate vidonda. Mtoto mwenye Down Syndrome asipinduke sarakasi wala kupiga mbizi mpaka daktari athibitishe kwamba shingo yake iko imara.

Kifafa kikimshika mtoto, mlaze ubavu, ondoa vitu vya hatari karibu naye, usimtie kitu chochote mdomoni, na utazame saa. Kikizidi dakika 5, au kikirudi kabla hajazinduka, apelekwe hospitali. Waambie watoto wengine mapema kinachoweza kutokea, ili mtu asianze kupiga mayowe ya mapepo.

Dawa zote zikabidhiwe kwa mtu mmoja, zikiwa kwenye pakiti zenye jina, na kila anapompa mtoto dawa aandike saa na kutia sahihi.

Githeri ni chakula kizuri, lakini mahindi na maharagwe makavu ni hatari kwa mtoto anayemeza kwa shida. Mpikie wali mlaini na ndengu zilizopondwa, alishwe akiwa amekaa wima, kijiko kimoja kimoja, na abaki wima kwa nusu saa baada ya kula. Awe mezani na wenzake. Ikiwa anahitaji dakika 45, anza naye mapema ili amalize pamoja na wengine.

Usafiri na fedha

Usitegemee wazazi wapande matatu. Utingo wengi hudai nauli ya kiti cha magurudumu, wengine hukataa kusimama kabisa, na mama anayebeba mtoto wa kilo 30 mgongoni hatakuja siku ya pili. Kodi basi la shule iliyofunga, ambalo hukaa bure wakati wa likizo, na upange vituo vichache mahali ambapo basi linaweza kusimama bila kuharakishwa. Weka watu wawili wa kunyanyua, waliofundishwa, na kamba za kufungia viti ndani ya gari badala ya juu ya paa.

Gharama hizi za ziada (mkalimani, wasaidizi, mteremko, basi) zigawanywe kwa watoto wote. Ukimtoza mzazi wa mtoto mwenye ulemavu ada kubwa kuliko wengine, umemtoza ulemavu wenyewe. Tenga fungu la fedha tangu mwanzo, hata kama ni sehemu ya 10 ya bajeti, kwa mahitaji ambayo hukuyaona, na uhifadhi nafasi chache zisizolipiwa kwa familia zisizo na uwezo. Wafanyabiashara wa mtaa hutoa unga, maji na usafiri kwa urahisi zaidi kuliko pesa taslimu, kwa hiyo waombe vitu hivyo kwa majina.

Ulinzi wa watoto na maneno ya wazazi

Kila mtu mzima kambini awe na cheti cha mwenendo mwema na atie sahihi kanuni za maadili. Kazi za faragha, kama kubadilisha daipa, zifanywe na mtu wa jinsia ambayo familia imekubali, huku mtu mzima wa pili akiwa karibu kiasi cha kusikia. Mtoto asiyezungumza yumo hatarini zaidi kwa sababu mdhalimu anajua hatasema. Fundisheni ishara za "acha" na "sitaki" siku ya kwanza, kwa watoto wote. Namba 116 ya simu ya watoto hupigwa bila malipo, na ibandikwe mahali watoto wanapoiona.

Wazazi wa watoto wasio na ulemavu waambiwe wazi, kabla hawajalipa, kambi ni ya aina gani. Wengine watauliza kama mtoto wao ataiga tabia, au kama atacheleweshwa. Wajibu kwa upole, uwaonyeshe ratiba, na yule ambaye hataridhika umrudishie pesa zake bila mabishano. Watoto wenyewe wataanza na maswali ya moja kwa moja: mbona anadondosha mate, mbona hajui kuongea, je, hiyo inaambukiza? Yajibu palepale kwa sentensi moja ya kweli, ikiwezekana mtoto anayeulizwa ndiye ajibu akitaka, na mchezo uendelee. Mwelekezi anayesema "shh, si vizuri" huwafundisha watoto kwamba hapo pana aibu.

Siku ya mwisho usimwite mtoto mwenye ulemavu jukwaani apewe zawadi ya ushujaa kwa kuhudhuria tu. Zawadi zitolewe kwa kazi iliyofanyika: chapati laini, uamuzi wa haki, wimbo uliotungwa. Waombe wazazi waliokubaliana wapeane namba za simu kabla ya kuondoka, kisha wiki 2 baadaye piga simu kwa kila familia uulize swali moja: je, kuna mtoto wa kambini aliyemtembelea mwenzake au kuzungumza naye tangu mlipoachana? Majibu hayo yatakuonyesha ni majozi gani, ni michezo ipi na ni vikundi vipi vya mtaa mmoja vya kurudia, na tarehe ya kambi inayofuata itangazwe miezi 3 kabla, kwa sababu mzazi anayepaswa kuomba ruhusa kazini, kutafuta dawa za wiki nzima na kurekebisha kiti cha magurudumu hawezi kufanya hayo yote kwa tangazo la siku 4.